Maneno Yaliyofichwa Chini ya Gundi

Jirani zangu, nyie mnaofungua barua mkiwa mmesimama mlangoni na nyie mnaozitupa bila kuzifungua, nipeni masikio yenu kidogo. Nataka kuwasimulia yaliyoupata mtaa wetu wa Tansley, hapa Philadelphia, na hasa yaliyompata Bi Vernetta Pruitt, mwanamke ambaye hajawahi kuiba cha mtu, na bado nusura awatoe watu wawili katika nyumba yao. Nitasimulia kwa hasira, na sitaomba radhi kwa hilo.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Mei, siku ya usafi wa mtaa. Jua lilikuwa la kupendeza, mipira ya maji imetandazwa njiani, watu wanasugua ngazi za mbele za nyumba zao huku redio ya mtu fulani ikiimba dirishani. Bi Vernetta alikuwa katikati ya barabara na filimbi yake shingoni. Alipostaafu kupika katika shule ya msingi tulimchagua awe kapteni wa mtaa, na kwa miaka kumi na minane hakuna karatasi iliyolala mbele ya nyumba zetu siku mbili. Matangazo yote ya jiji yalipitia mikononi mwake: siku ya kukata miti, siku ya kuhamisha magari, siku ya kuchukuliwa takataka kubwa. Yeye ndiye aliyeyagawa mlango kwa mlango, na sisi tulitii.

"Bwana Boykin!" alipaza sauti. "Jua limeshatoka, ufagio wako uko wapi?"

"Bado umelala, Kapteni," Boykin alijibu kutoka dirishani. "Usiuamshe."

Watu walicheka. Huyo Boykin alikuwa aibu ya mtaa. Nyumba yake ilijaa magazeti na barua za miaka mingi, na Bi Vernetta alikuwa amemshtaki kwa watu wa afya wa jiji si mara moja, si mara mbili.

Upande wa pili wa barabara, Mzee Lucius Gadsden alikuwa anasugua ngazi zake nne za mawe meupe. Ana miaka sabini na tisa, na alikuwa fundi wa tramu tangu ujana wake. Dada yake Ozella alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, miwani myeusi usoni. Bi Ozella alipofuka akiwa na miaka thelathini na sita.

"Lucius, umeiruka ngazi ya tatu," alisema.

"Umejuaje?"

"Brashi imesema."

Nyumba ile waliachiwa na mama yao, hati ikiwa kwa jina la Lucius, na Bi Ozella aliijua kwa mikono yake. Kutoka kitandani hadi bafuni hatua kumi na moja. Jikoni kuna msumari ukutani, ukiugusa unajua jiko liko kushoto. Ndani ya nyumba ile alipika, alifua, alipanda na kushuka ngazi bila fimbo. Mwaka aliolazwa hospitali, siku mbili tu, alipotea kwenye ukumbi akalia kama mtoto, na aliporudi alimwambia kaka yake: "Popote pengine mimi ni kipofu. Hapa mimi ni mwenye nyumba." Kumbukeni maneno hayo tunapoendelea.

Siku tatu baadaye barua zilifika. Kila nyumba ilipata yake. Bahasha ya kaki, na juu yake nembo ya tai aliyekunjua mabawa, kama ile ya karatasi za serikali. Chini ya nembo kulikuwa na mstari mwekundu: TAARIFA YA PILI NA YA MWISHO. Ndani, karatasi moja: "Mwenye nyumba, hatujapokea jibu lako kuhusu nyumba yako iliyoko Mtaa wa Tansley. Unatakiwa kupiga simu kabla ya tarehe thelathini." Na jina la walioandika: Idara ya Urekebishaji wa Makazi, Kanda ya Mashariki.

Hakuna idara kama hiyo, jamani. Haijawahi kuwepo. Walikuwa vijana watatu, chumba cha kupanga na mashine ya kuchapia.

Sasa sikilizeni kosa, maana ni kosa ambalo angelifanya kapteni tu. Miaka miwili kabla ya hapo jiji lilileta taarifa ya kweli, kuhusu kubadilisha mabomba ya zamani ya risasi yanayotia sumu kwenye maji. Bahasha yake ilikuwa ya kaki vilevile. Bi Vernetta aliichukulia kwa uzito mdogo, akachelewa kuwahimiza watu, na nyumba sita zilikosa mabomba mapya. Alijilaumu vibaya. Aliapa kwamba taarifa nyingine ya jiji haitampita tena, hata iwe ya kuhesabu panya. Kwa hiyo alipoiona bahasha ile yenye tai, hakuuliza mara mbili. Alipiga simu.

"Ndiyo, mama," msichana mwenye sauti ya asali alimwambia. "Wenye nyumba wote wa mtaa huo wanatakiwa kujibu."

Hakuuliza: wanatakiwa na nani? Alikaa mezani akaandika vipande ishirini na nane vya karatasi kwa mkono wake mzuri wa mpishi mkuu: "Mmepata barua ya kaki. Pigeni simu kabla ya tarehe 30. Msichelewe kama wakati wa mabomba. Kapteni wenu." Akavipitisha chini ya milango. Wale matapeli wangelipa pesa nyingi kupata mjumbe wa namna hiyo, na yeye aliwafanyia bure.

Kwa akina Gadsden alisimama kidogo.

"Nani ameisaini hiyo barua?" Bi Ozella aliuliza.

"Idara."

"Idara haina mkono, Vernetta. Nani?"

"Dada Ozella, nina nyumba ishirini na nane za kupitia leo."

"Haya basi, pita."

Tarehe ishirini na tisa kijana alikuja kwa Mzee Lucius, aliyekuwa amepiga simu kama alivyoagizwa. Jina lake Colby Strand. Koti la buluu, viatu vinang'aa, na kitambulisho chenye picha yake kikining'inia kifuani, kitambulisho alichojichapishia mwenyewe. Mzee Lucius hakutaka kukutana naye bila shahidi, akamwita Bi Vernetta. Akaja mbio na pai ya viazi vitamu mkononi, kwa sababu mgeni wa jiji ni mgeni wa mtaa.

"Hii ni ya jiji?" Mzee Lucius aliuliza, akiziangalia karatasi zilizotandazwa mezani.

"Tunashughulika na nyumba za jiji zima, baba," Colby alisema.

Mmesikia jibu hilo? Lirudieni polepole. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Kuna watu watakwambia kwamba huo si uongo. Mimi nasema ni uongo mbaya kuliko mwingine wote, kwa sababu umepimwa na kukatwa na fundi.

"Na hizi karatasi ni za nini?"

"Za kuturuhusu kuingia kukagua, baba. Paa, mabomba, nyaya za umeme. Bila sahihi yako siwezi kugusa hata msumari. Weka hapa. Na hapa. Na hapa pia."

Alikuwa ameweka vibandiko vya manjano kila mahali pa kusaini, na alizifunua karatasi upesi upesi kama mtu anayegawa karata. Mzee Lucius alisita. Akamtazama jirani yake.

"Unasemaje, Kapteni?"

Miwani ya kusomea ya Bi Vernetta ilikuwa nyumbani kwake, juu ya jokofu. Ngazi nne za kushuka, barabara ya kuvuka, ngazi nne za kupanda. Hakwenda kuichukua.

"Saini tu, Lucius," alisema. "Usije ukakosa kama waliokosa mabomba."

Mzee alisaini mara tano. Kisha Colby akaisogeza karatasi ya mwisho upande wa Bi Vernetta.

"Na wewe hapa, mama, kama shahidi. Laiti kila mtaa ungekuwa na kapteni kama wewe, kazi yetu ingekuwa raha."

Akasaini huku akitabasamu. Akamkatia kijana kipande cha pili cha pai, akamfungia na kingine aende nacho. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga, na Bi Vernetta siku hiyo alijikwaa ulimi na mkono pamoja.

Wiki tatu zilipita. Asubuhi moja Bi Vernetta alisikia jina lake likiitwa barabarani kwa sauti ambayo hakuizoea. Alikuwa Mzee Lucius, amesimama kwenye ngazi zake na soksi bila viatu. Ndani ya nyumba kulikuwa na mwanamume na mkewe, wageni kabisa, na kamba ya kupimia imetandazwa jikoni.

"Huu ukuta tutauvunja," mwanamke alikuwa anasema. "Jiko liende kule."

Bi Ozella alikuwa ameegemea ukuta huohuo. Kidole chake kilikuwa juu ya msumari wake.

"Nyie ni akina nani?" Bi Vernetta aliuliza.

"Tunanunua nyumba hii," mwanamume alijibu, akashangaa kuulizwa. "Wenyewe si wameshauza? Tumeambiwa wanahama mwisho wa mwezi ujao."

Akatoa nakala. Safari hii Bi Vernetta alikimbia kuchukua miwani. Alisoma amesimama. Lucius Gadsden amekubali kuiuza nyumba yake kwa dola elfu thelathini na nane. Colby Strand anayo haki ya kumuuzia mkataba huo mtu mwingine yeyote. Na huyu mwanamume wa kamba alikuwa anaununua mkataba huo kwa dola elfu tisini na tano. Colby hakuwa na nia ya kuinunua nyumba hata siku moja. Alikuwa dalali: ananunua karatasi kwa mzee, anaiuza karatasi kwa mgeni, anatia mfukoni kilichobaki katikati. Nyumba ya kona, ndogo kuliko ile, iliuzwa mwaka jana kwa dola laki moja na elfu themanini.

Yule mwanamume hakuwa mtu mbaya. Aliposikia kilichotokea alikunja kamba yake na kutazama chini. "Na mimi nimeshatoa malipo ya awali," alisema tu, wakatoka.

Mzee Lucius aliweka kidole chini ya ukurasa wa mwisho.

"Sahihi ya nani hii?"

"Lucius, mimi nilisema watu wapige simu. Sikusema..."

"Nimekuuliza, ya nani?"

"Yangu."

"Ulinambia saini. Nilikuuliza wewe, sikumuuliza yeye. Yeye simjui. Wewe nimekujua miaka arobaini."

"Na mimi nilidanganywa!"

"Wewe ulidanganywa ukarudi kulala kwako," Bi Ozella alisema kutoka ukutani. "Sisi tutalala wapi?"

Bi Vernetta alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi zake mchana kutwa. Alikuwa na hasira kwa Colby, lakini chini yake kulikuwa na aibu, na aibu ilikuwa nzito zaidi. Nawaambia ukweli, jirani zangu, wengi wetu tungeishia hapo. Tungemlaani tapeli, tungefunga mlango, tungesubiri watu wasahau. Yeye kesho yake alimchukua Mzee Lucius, aliyetembea mbele yake njia nzima bila kugeuka, wakaenda ofisi ya mawakili wanaowasaidia watu bila malipo.

Wakili aliitwa Renata Skowron, mwanamke mfupi mwenye mafua yasiyoisha. Alisoma mkataba wote kabla ya kuinua kichwa.

"Nawaeleza sheria kwa kifupi," alisema. "Mtu binafsi akikuandikia barua kutaka nyumba yako, lazima aseme waziwazi kwamba ni tangazo la biashara na kwamba yeye si serikali. Lazima maneno hayo yaonekane, mtu ayasome bila kutafuta. Haruhusiwi kujivika nguo za serikali. Pili, kama ni dalali anayeuza mikataba, lazima awe na leseni, na akwambie hivyo kabla hujasaini, na akupe karatasi ya haki zako. Asipofanya hayo, mkataba unaweza kuvunjwa."

"Hakufanya hata moja," Bi Vernetta alisema.

"Kwenye karatasi amefanya yote. Sahihi ya tatu ya Mzee Gadsden inasema ameelezwa kwamba kijana huyu ni dalali. Ya nne inasema amepewa haki zake. Na wewe, mama, umeshuhudia." Akapiga chafya. "Leseni anayo, alifanya mtihani mwaka jana. Mlipoomba miadi leo asubuhi nilimpigia wakili wake simu. Akanitumia barua wanayosema waliitumia mtaani kwenu."

Akawaonyesha. Tai alikuwa palepale, lakini juu kabisa, kwa herufi nene nyeusi, iliandikwa: HILI NI TANGAZO LA BIASHARA. SISI SI SERIKALI.

"Siyo hii!" Mzee Lucius alipiga meza. "Haikuwa na maneno hayo!"

"Nakuamini, mzee. Niletee ile iliyokuja kwako, pamoja na bahasha yake. Tukionyesha kwamba udanganyifu ulianza kwenye barua, hata hizo sahihi jaji ataziangalia kwa jicho jingine."

Mzee Lucius alikuwa ameitupa. Bi Vernetta alikuwa ameitupa yake pia. Na sasa angalieni dunia inavyoweza kumcheka mtu. Alipopita mlango kwa mlango kuuliza kama kuna mtu aliyebaki na bahasha ile, kila mmoja alimjibu vilevile: "Si ulituambia mwenyewe, Kapteni? Jumanne ni siku ya kutupa karatasi." Mtaa safi kuliko yote upande wetu wa jiji. Hakuna hata kipande.

Kwenye kila mlango ilimbidi aeleze kwa nini anaiuliza. Wengine walimwonea huruma. Wengine, waliokuwa wamepiga simu na kupangiwa siku ya kutembelewa, walimfungia mlango usoni wakakimbilia simu kufuta miadi. Hiyo peke yake iliziokoa nyumba nne, nyie mkae mkijua.

Ilibaki nyumba moja. Alisimama mbele yake muda mrefu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mvungu wa Boykin ulikuwa mchafu.

"Kapteni!" Boykin alisema, akifungua mlango kwa shida kwa sababu ya magazeti. "Umekuja na watu wa afya?"

"Nimekuja peke yangu."

"Mara ya mwisho walinitoza faini. Nani aliwaita? Sijui. Ndege, labda."

"Ni mimi niliyewaita. Unajua ni mimi."

"Najua. Nilitaka kulisikia kinywani mwako." Akasogea kando. "Ingia. Kuna kiti, ukikipata."

Aliingia. Alikaa juu ya rundo la katalogi za mbegu, akanywa kahawa kwenye kikombe ambacho hakutaka kukichunguza, na alimweleza Boykin kila kitu: bahasha, vikaratasi ishirini na nane, pai, sahihi. Boykin alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo ulikosea," alisema mwishoni.

"Nilikosea. Nilikosea vibaya, na anayelipa si mimi."

"Mimi barua sizifungui, unajua. Tangu mke wangu alipofariki. Kila bahasha naona imebeba jambo baya."

"Tulikucheka kwa hilo."

"Mlinicheka sana." Akainuka, akaingia bafuni, na Bi Vernetta akasikia karatasi zinaporomoka ndani ya bafu, na mtu anatukana taratibu. Baada ya nusu saa alitoka na vumbi hadi kwenye nyusi. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki, yenye tai, yenye muhuri wa posta na tarehe yake, haijafunguliwa. "Hii hapa. Usinifungulie. Sitaki kujua."

Bi Vernetta aliishika kwa mikono miwili. Alilia mbele ya Boykin, na hakujali.

Shauri lilisikilizwa mwezi wa Julai. Tulijaza benchi tatu. Colby alikuwa na koti lilelile la buluu na wakili wa bei mbaya, na wakili huyo aliinua barua safi yenye herufi nene na kuuliza kwa upole: mtu mzima mwenye akili timamu atasemaje kwamba hakuelezwa?

Bi Renata aliikabidhi bahasha ya Boykin. Jaji, mwanamke wa makamo, aliichunguza mbele na nyuma. Hakuna neno zaidi ya tai na mstari mwekundu. Akapitisha kisu cha karatasi chini ya kifuniko akakibandua, na karatasi iliyokuwa ndani nayo haikuwa na onyo lolote. Kisha akaitazama bahasha yenyewe, pale kifuniko kilipochanika. Aliisogeza karibu na macho. Aliomba taa.

Chini ya gundi, upande wa ndani wa kifuniko, kulikuwa na herufi ndogo za kijivu. Zilikuwa zimechanika katikati. Nusu ilibaki kwenye kifuniko, nusu ilibaki kwenye bahasha. Ilimchukua jaji dakika nzima kuziunganisha: hili ni tangazo la biashara, sisi si serikali.

Waliyaandika, jamani! Walijua sheria inawataka wayaandike, wakayaandika mahali ambapo mtu hawezi kuyasoma bila kuyapasua kwanza. Mtu asiyejua sheria naweza kumsamehe. Hawa waliijua neno kwa neno, wakaitumia kutengenezea mtego.

"Bwana Strand," jaji alisema, "kwa nini mimi mliniletea barua moja na wazee hawa mkawapelekea nyingine?"

Colby alimtazama wakili wake. Wakili wake aliangalia saa.

Lakini jaji hakuwa amemaliza. Alimwita Bi Vernetta.

"Hii ni sahihi yako, kama shahidi?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Ulisoma ulichokishuhudia?"

Sote tulikuwa tunamsikiliza. Wakili wa Colby aliinua kichwa, akisubiri aseme ndiyo. Angeweza kusema hakumbuki. Filimbi haikuwa shingoni mwake siku hiyo.

"Sikusoma," alisema. "Sikuwa na miwani, na niliona aibu kusema. Nilisaini kwa sababu kijana alinisifu. Na Mzee Gadsden alisaini kwa sababu yangu. Huo ndio ukweli wote."

Mkataba ulivunjwa siku hiyohiyo. Nje, kwenye ngazi za mahakama, Colby alimnyooshea Mzee Lucius mkono.

"Tusiwekeane kinyongo, baba. Ni biashara tu."

"Baba yako nani?" Mzee Lucius alisema. "Mimi mtoto kama wewe nisingemlea."

Mngependa niwaambie kwamba kijana yule alifungwa. Hakufungwa. Alilipa faini ambayo kwake ilikuwa kama kununua soda, akabadilisha jina la kampuni yake, na kabla ya mwezi wa Oktoba bahasha nyingine, za kijani safari hii, zilikuwa zimeshafika mitaa ya kaskazini. Hilo linaniudhi hadi leo, na linapaswa kuwaudhi nyie pia.

Jioni baada ya shauri Bi Vernetta alivuka barabara. Bi Ozella mwenyewe ndiye aliyefungua mlango, haraka, kama mtu anayejua kitasa kilipo.

"Nimekuja kuwaomba radhi," Bi Vernetta alisema.

"Nyumba imerudi, Vernetta. Nashukuru. Neno lako bado halijarudi."

"Litarudi lini?"

"Sijui. Lucius hataki kukuona, naye simlazimishi. Zamani jioni kama hizi ulikuwa unakuja kukaa."

"Naweza kukaa hapa nje."

"Ngazi ni za wote," Bi Ozella alisema, akaufunga mlango taratibu.

Bi Vernetta alikaa kwenye ngazi ile hadi taa za barabarani zikawaka. Kesho yake alirudi, na keshokutwa. Sasa imepita miezi mitano, mlango haujafunguliwa, na yeye bado anakuja.

FUNZO

Sheria inamtaka anayeitaka nyumba yako ajitaje: ni nani, anafanya biashara gani, na kwamba si serikali. Anayejificha usimpigie simu. Anayekuharakisha usimsainie. Mwulize "wewe ni wa jiji?" na usikubali jibu lolote isipokuwa ndiyo au hapana, kisha piga simu jijini kwenyewe uhakikishe. Mkataba peleka kwa wakili kabla ya kalamu, maana wapo wanaosaidia bure, na bahasha itunze pamoja na barua yake. Bwana Boykin hakutuokoa kwa hekima, alituokoa kwa bahati, na bahati haiji kila Jumanne.

Na wewe unayeaminiwa na watu, uwe kapteni, mchungaji au binti mkubwa wa familia, ujue kwamba tapeli hahitaji kuwadanganya watu wote. Anakudanganya wewe mmoja, na wewe unammalizia kazi. Kabla hujasema "saini tu," kavuke barabara ukachukue miwani yako.

Nanyi mnaotuma barua hizo, nina swali moja tu. Kama biashara yenu ni ya haki, kwa nini mlilificha jina lake chini ya gundi?